Culloden: Njaa Kwanza, Mizinga Baadaye

Tarehe 16 Aprili 1746, wakati mataifa ya Ulaya yakipigania urithi wa Austria, watu wa milima ya Uskoti waliangamia kwenye nyika ya Culloden, karibu na Inverness. Walimfuata Charles Edward Stuart, aliyedai kiti cha enzi cha Uingereza kwa niaba ya baba yake.

Tarehe 15, saa mbili usiku. Kutwa nzima kila askari amepata biskuti moja tu. Chakula kipo Inverness, lakini hakikuletwa kambini. Na kwa njaa hiyohiyo wanaamriwa waende gizani hadi mji wa Nairn, wamvamie Duke wa Cumberland, kamanda wa jeshi la serikali, ambaye siku hiyo ametimiza miaka 25.

Saa nane usiku. Nairn bado iko mbali na alfajiri inakaribia. Lord George Murray, jenerali wa Charles, anaona adui hatakutwa usingizini tena. Anawageuza watu wake.

Saa kumi na mbili asubuhi. Wanarudi Culloden wakiwa hoi. Wapo wanaolala palepale wanapoanguka. Wengine wanakwenda kutafuta chakula. Cumberland naye ameshaondoka Nairn na jeshi lililoshiba na kulala.

Saa saba mchana. Mvua ya barafu inawapiga wafuasi wa Charles usoni. Mizinga inawapukutisha wakiwa wamesimama, wakingoja amri inayochelewa. Inapotoka, wanakimbia na panga zao kupitia ardhi ya tope. Mizinga sasa inatema makopo yaliyojaa risasi ndogondogo. Wanaofika kwenye safu ya adui wanapokewa kwa singe.

Kabla ya saa nane. Vita vimekwisha. Upande wa Charles, kati ya watu 1,500 na 2,000 wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa serikali wamekufa 50 hivi. Kisha majeruhi wanauawa wakiwa chini, na Cumberland anabaki na jina la Mchinjaji.

Charles alitorokea Ufaransa Septemba. Waliobaki walichomewa nyumba, na vazi lao la asili likapigwa marufuku kisheria hadi 1782.

Ushujaa wao unasifiwa, nao wanastahili. Lakini anayewaita watu vitani ana wajibu wa kuwalisha kabla ya kuwadai damu. Wajibu huo haukutimizwa, na gharama yake waliilipa wasio na sauti katika maamuzi ya usiku ule.