Fremu Inayoonekana: Uhandisi na Uzuri katika Pikipiki za Kiitaliano, 1971–2021

Fremu ya pikipiki ina kazi ya kubeba injini na kuunganisha shingo ya usukani na mkono wa gurudumu la nyuma bila kujipinda. Katika pikipiki nyingi, kazi hiyo hufanyika kwa kificho, chini ya tangi la mafuta na maganda ya nje. Katika pikipiki kadhaa za Kiitaliano, hata hivyo, fremu imekuwa ndiyo sura ya chombo chenyewe. Makala haya yanajenga hoja kwamba uzuri wa fremu hizo haukuanza kama pambo. Ulitokana na utatuzi wa matatizo ya kihandisi, na baadaye ndipo ulipogeuzwa kuwa utambulisho wa kibiashara. Pasipo kutenganisha hatua hizo mbili, ni vigumu kuamua iwapo kampuni ya Ducati iliusaliti urithi wake ilipoiacha fremu yake mashuhuri.

Mfano wa kwanza unatoka Mandello del Lario, makao ya Moto Guzzi. Mwaka 1971 mhandisi Lino Tonti alitoa V7 Sport, pikipiki ya mbio iliyojengwa juu ya injini iliyokuwa nzito na ndefu kwa kimo. Kikwazo kikubwa kilikuwa jenereta iliyokaa juu ya injini, katikati ya silinda mbili. Tonti aliihamishia mbele ya injini, na nafasi iliyobaki wazi akaipitishia mabomba ya fremu yaliyonyooka. Hivyo pikipiki ikawa fupi kwa kimo, na mstari wake ukawa mwembamba. Mabomba ya chini yalifungwa kwa bolti ili injini iweze kutolewa kwa urahisi. Umbo hilo, basi, lilizaliwa na uhamisho wa kifaa kimoja. Hata hivyo, fremu za toleo la kwanza, zilizotengenezwa kwa aloi ya chuma yenye kromi na molibdenamu, zilipakwa rangi nyekundu. Rangi haiongezi uimara. Ni dalili kwamba waliozitengeneza walitaka pia zionekane.

Mfano wa pili unatoka Bologna, katika kiwanda cha Ducati. Fabio Taglioni aliibunia Pantah, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa muongo wa 1970, fremu ya mabomba mafupi yaliyochomelewa kwa pembetatu. Waitaliano huiita traliccio, neno wanalolitumia pia kwa minara ya nyaya za umeme. Kanuni yake ni ileile ya kenchi za paa: katika pembetatu, kila bomba huvutwa au hubanwa kwa urefu wake, na halilazimiki kustahimili nguvu ya kulikunja. Kwa sababu hiyo bomba jembamba hutosha. Injini nayo ilishiriki kubeba mzigo, kwani mkono wa gurudumu la nyuma ulishikizwa kwenye injini yenyewe. Mtazamaji aliweza kufuata kwa macho njia ya nguvu kutoka usukani hadi nyuma. Usomekaji huo ndio kiini cha uzuri wake.

Mabadiliko ya maana yalitokea mwaka 1992, pikipiki ya Monster ilipoonyeshwa mjini Cologne. Mbunifu wake, Miguel Galluzzi, alichukua fremu iliyotokana na pikipiki za michezo za kampuni hiyohiyo na kuiacha bila maganda. Hapa kuonekana kwa fremu hakukuwa tena tokeo la uhandisi. Kulikuwa uamuzi wa kisanii. Miaka michache baadaye, pikipiki ya 916 ya Massimo Tamburini, yenye fremu ya aina hiyohiyo, iliwekwa katika maonyesho ya sanaa ya pikipiki yaliyofanyika mwaka 1998 katika makumbusho ya Guggenheim, New York. Traliccio ikawa kama sahihi ya kampuni.

Sahihi hiyo iligongana na mahitaji mapya ya mbio. Casey Stoner alitwaa ubingwa wa dunia wa mwaka 2007 akiendesha Ducati yenye traliccio, lakini mwaka 2009 kampuni ilihamia muundo wa nyuzi za kaboni, kisha ikahamia fremu ya alumini. Mwaka 2021 Monster nayo ikapewa fremu fupi ya alumini yenye uzito wa takribani kilo 3, pungufu kwa kilo 4.5 kuliko ile iliyotangulia. Baadhi ya wapenzi wake walilalamika kwamba pikipiki imepoteza uso wake.

Malalamiko hayo yana uzito, kwa kuwa Monster ndiyo iliyowafundisha watu kuitazama fremu. Lakini yanachukua mwaka 1992 kuwa ndio mwanzo wa urithi. Ukianzia kwa Tonti na Taglioni, urithi unaoonekana ni utaratibu wa kufikiri: kuondoa kisichohitajika hadi kinachobaki kieleze kazi yake. Kwa kipimo hicho, kubakiza mabomba kwa ajili ya mwonekano tu kungeigeuza traliccio kuwa pambo, jambo ambalo haikuwa ilipobuniwa. Kilichopotea mwaka 2021 ni usomekaji, na hiyo ni hasara halisi. Kanuni iliyouzaa usomekaji huo haikupotea.