Mashine ilibaki Uvira, gia ziko Nyarugusu

Tulipofika kambini hapa mwisho wa 1996 tulikuwa na sufuria mbili, blanketi moja, na gunia lenye gia tano za chuma. Majirani walicheka. Mama mmoja aliuliza kama zinapikwa.

Zilikuwa gia za mashine ya kukereza chuma, ya baba. Naandika habari zake kwa sababu kuna mtu Uvira anataka kuinunua, na nyumbani tunabishana bei.

Kwanza, gia ni za nini? Zamani kule Ulaya kila bolti ilitengenezwa na nati yake. Ukipoteza nati, na bolti utupe. Mnamo 1800 hivi, mjini London, fundi Henry Maudslay aliweka kwenye mashine moja parafujo ndefu ya kusogeza kisu, pamoja na gia za kubadilisha. Ukibadilisha gia, hesi inapanuka au inabanana, na ya leo inalingana na ya jana. Mashine ya baba ni mjukuu wa ile. Bila gia bado inazungusha chuma na kukipunguza, ila hesi haikati. Na wateja wetu walifuata hesi: shafti ya boti kutoka Kalundu, bolti ya lori ambayo dukani haipo.

Baba aliipata baada ya tarehe 30 Novemba 1973, siku Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni wapewe Wazaire. Gereji ambako baba alikuwa kibarua ilipewa mkubwa mmoja asiyejua hata kuiwasha mashine. Akaanza kuuza kitu kimoja kimoja. Baba akalipa mishahara ya miezi saba, kidogo kidogo. Ilikuwa bei ya bure, na mzee hajawahi kukana.

Mnunuzi wa pili alikuja Januari 1993 na noti za zaire milioni tano. Wakati zaire ilipoanza, 1967, moja ilikuwa dola mbili! Sasa maduka yalikuwa yanazikataa noti zile, na Kinshasa askari waliolipwa kwa hizo wakapora mji. Baba akamwambia, "Ndugu yangu, makuta yako yatakufa kabla sijafika sokoni." Akataka mchele na mafuta. Yule akaondoka. Oktoba mwaka huohuo, zaire milioni tatu za zamani zikabadilishwa kwa moja mpya.

Mnunuzi anayejua haulizi umri wa mashine. Anapitisha kidole kwenye reli, karibu na pale chuma kinaposhikwa, maana hapo ndipo panalika zaidi. Anakereza fimbo ndefu na kupima ncha zote mbili: zikitofautiana unene, bei inashuka. Anauliza mota inataka umeme gani, nani ataibeba. Halafu anahesabu gia. Chini kabisa iko bei ya skrepa, kwa kilo, na hiyo haijali fundi alikuwa nani.

Vita vilipofika Uvira, Oktoba 1996, baba alifungua gia tano kati ya kumi na mbili, zile za hesi alizokata kila siku. Sisi watoto tulidhani amechanganyikiwa. Kwenye kuandikishwa, huku, aliulizwa kazi, na kwenye karatasi ikatoka "mkulima". Mpaka leo anaitaja siku ile.

Kijana wa Uvira ametoa bei ya skrepa, akaongeza kidogo kwa ajili ya mota. Dada anasema tukubali, kuna ada ya mtoto wake. Mimi nasema tuuze pamoja na gia, bei mara mbili. Baba hakusema kitu mpaka picha zilipofika kwenye simu. Akazipanua kwa vidole viwili, akatazama muda mrefu.

"Wamepaka rangi mpaka juu ya reli," akasema. "Muulize inaficha nini. Na gia saba nilizoacha, amezihesabu?"

Bado tunasubiri jibu.