Jogoo au Mtetea? Historia ya Kuku wa Chungu Mahagi

Mchuuzi wa kuku sokoni Mahagi, kaskazini-mashariki mwa Kongo, hahitaji kuulizwa kama ndege aliyemshika ni dume au jike. Mnunuzi anajionea mwenyewe: upanga mwekundu kichwani, kipi kinachoanza kuchomoza mguuni, manyoya marefu ya mkia yaliyopinda. Anampapasa kifua ajue kama mfupa umefunikwa na nyama, halafu mabishano ya bei yanaanza. Mbele ya friza ya duka mambo ni mengine. Kuku wamelala humo bila kichwa, bila miguu, bila unyoya hata mmoja, na mnunuzi hana pa kuanzia.

Zamani swali lenyewe lisingeulizwa, kwa sababu kuku wa kuchinjwa alikuwa dume. Hesabu ya nyumbani ilidai hivyo. Mtetea akiangua vifaranga kumi, karibu nusu yao huwa madume, na jogoo mmoja anawatosha mitetea kumi. Pora waliobaki wana kazi gani? Wanakula nafaka, wanapigana, wanamsumbua mwenye boma. Basi hao ndio waliokuwa kuku wa mgeni, wa tambiko na wa kupelekwa sokoni fedha zikihitajika. Mtetea alikuwa mtaji. Alifika chunguni akishazeeka, au akianza kuyala mayai yake mwenyewe, na hapo mpishi alijua kwamba kuni zitaisha kabla nyama haijalainika.

Mlaji naye alikuwa na jinsia yake. Ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Buganda, mila iliwakataza wanawake kula kuku na mayai, ingawa wao ndio waliowapika. Na upande wa kaskazini-magharibi, kwa Wazande, nyama haikuwa hata sababu kuu ya kufuga. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi nao mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1937, alieleza kwamba kuku wengi walilishwa sumu ya benge ili uganga utoe jibu: huyu akifa, jibu ni hili; akipona, ni lile. Kuku alikuwa shahidi kabla ya kuwa mchuzi.

Mahagi yenyewe ilikatwa na mpaka ambao kuku hawakushauriwa. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 ulimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji ukanda wa ardhi uliofika ziwani Mahagi, na baada ya mapatano zaidi kati ya Waingereza na Wabelgiji, Waalur, wenyeji wa eneo hilo, walijikuta wamegawanyika: hawa Kongo, wale Uganda. Ndugu waliendelea kutembeleana, na mgeni haendi mikono mitupu.

Kuku wa friza alianzia mbali sana na hapo. Hata Marekani, mpaka miaka mia moja iliyopita, nyama ya kuku ilikuwa mabaki ya biashara ya mayai: majogoo machanga ya msimu, na mitetea iliyochoka. Mwaka 1923, katika jimbo la Delaware, mama mmoja aitwaye Celia Steele aliagiza vifaranga 50 vya kutaga, akaletewa 500. Hakuvirudisha. Alivilisha, akaviuza vikiwa vichanga kwa ajili ya nyama tu, na faida ikawa nzuri kiasi kwamba miaka mitatu baadaye alikuwa na banda la kuku 10,000. Kisha likaja shindano la kitaifa la kumtafuta “kuku wa kesho”, lililofikia kilele mwaka 1948. Walioshinda waliwapa wafugaji mbegu ya ndege mwenye kifua kipana na haraka ya kukua.

Haraka hiyo ndiyo iliyofuta swali la dume na jike. Kuku wa nyama wa leo anachinjwa akiwa na wiki tano hadi saba. Jike angehitaji wiki ishirini au zaidi ili atage yai la kwanza, na dume hajafikia hata kuwika kwa maana. Dume ana uzito zaidi kidogo, na baadhi ya makampuni hufuga kila jinsia kivyake kwa sababu hiyo, lakini wote wanaingia kwenye mfuko mmoja. Kwa hiyo kuku wa dukani ni dume na ni jike, karibu nusu kwa nusu, tena wote ni watoto. Mpishi mwenye macho makali anaweza kukuta ndani, karibu na uti wa mgongo, vipunje viwili vyeupe vilivyosahauliwa na kisu. Huyo alikuwa dume. Asipoviona, hajathibitisha chochote.

Upande wa mayai hesabu iligeuka kuwa ya kikatili. Wajapani Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto walionyesha namna ya kutambua jinsia ya kifaranga wa siku moja kwa kuminya na kuchungulia tundu lake la nyuma. Kitabu chao kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1933. Tangu hapo kiwanda kiliweza kuwatenga madume asubuhi ileile waliyoanguliwa. Dume wa mbegu ya mayai hatagi wala hanenepi upesi, hivyo wengi waliuawa papo hapo. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022.

Dada zao wanaoachwa hai wanataga kwa mwaka mmoja na zaidi, halafu wanauzwa kwa nyama. Huyu ndiye kuku wa kibiashara ambaye jinsia yake haina fumbo. Kifua chake ni chembamba, mfupa wake umechongoka, tumbo lina mafuta ya manjano, na mara nyingine viini vya mayai vya ukubwa mbalimbali bado vimeshikamana ndani. Anayempika kama kuku wa wiki sita atalala njaa.

Mahagi iko jirani na Uganda, na Uganda imekwenda mbali katika ufugaji wa kuku wa kibiashara. Huko pia ndiko alikojaribiwa Kuroiler, mbegu kutoka India iliyoletwa karibu mwaka 2010 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Anajitafutia chakula uani kama wa kienyeji, lakini dume lake linafika kilo tatu na nusu, na jike linatajwa kutaga mayai 150 kwa mwaka pale ambapo wa kienyeji hutaga 40. Mfugaji anaweza tena kuchinja majogoo na kubakiza mitetea. Tatizo ni kwamba Kuroiler ni chotara: mayai yake yakiatamiwa nyumbani, watoto hawafanani na wazazi, na anayetaka uzito uleule lazima arudi kununua vifaranga vipya.