Panya wa darini Rufiji: mgeni aliyeletwa na majahazi

KATIKA mazungumzo ya kila siku wilayani Rufiji, panya ni panya. Anayefukua mbegu za mahindi shambani na anayetoboa gunia la mpunga darini huitwa kwa jina moja na hutegewa sumu ileile. Hata hivyo, hao ni wanyama wawili tofauti, na mmoja wao si wa bara hili.

Wa kwanza ni panya shamba, ajulikanaye kitaalamu kama Mastomys natalensis. Huyu ni mwenyeji wa Afrika. Huishi katika mashimo ardhini, huzaliana kwa wingi baada ya mvua, na jike lake huweza kuwa na chuchu hadi 24.

Wa pili ni panya mweusi, Rattus rattus, ambaye asili yake ni Bara Hindi. Licha ya jina hilo, wengi wao wana rangi ya kahawia au kijivu. Njia rahisi ya kumtambua ni mkia, ambao kwake ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa. Ni mpandaji hodari, hivyo kamba ya nanga, nguzo ya nyumba na mnazi kwake ni barabara.

Sifa hiyo ndiyo iliyomvusha bahari. Uchunguzi wa mifupa kutoka maeneo ya kale, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa panya huyu na kuku, wote wenye asili ya Asia, walikuwa wamefika mwambao wa Afrika Mashariki kufikia karne ya 7 au ya 8. Unguja Ukuu, bandari ya kale kusini mwa Unguja, ni miongoni mwa mahali palipotoa ushahidi huo. Kuku aliletwa kwa makusudi. Panya alijileta mwenyewe, akifuata nafaka.

Delta ya Rufiji haikuwa mbali na njia hizo. Shanga za Kirumi zilizopatikana na Profesa Felix Chami huko Mkukutu, Kibiti, zinaonyesha kuwa bidhaa za ng'ambo zilifika huku mapema mno. Kwa karne nyingi baadaye, majahazi yaliingia katika mikono ya mto kuchukua boriti za mikoko kwa ajili ya Uarabuni na Ghuba. Barabara nayo ilirahisisha mambo. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, magari ya mizigo huvuka Mto Rufiji karibu na Ikwiriri bila kungoja kivuko, na gunia lililoshonwa vizuri halimzuii panya kusafiri.

Athari zake hazikomei kwenye chakula kinacholiwa, kwani mkojo na kinyesi huharibu kingi zaidi. Panya, wageni na wenyeji, ni miongoni mwa wanyama wanaobeba vimelea vya leptospira. Mwezi Julai mwaka 2022, ugonjwa wa vimelea hivyo ulizuka Ruangwa, mkoani Lindi, ukaua watu watatu kati ya 20 waliougua, na serikali ikautangaza kwa jina la homa ya mgunda. Vimelea hupenya kwenye michubuko ya ngozi, hasa majini, jambo lisilopaswa kupuuzwa na mkulima wa mpunga anayeshinda miguu peku katika matope.

Kumdhibiti mgeni huyu kunahitaji mbinu zake. Kupalilia kingo za shamba na kuweka chambo cha sumu kabla ya kupanda, hatua zinazomfaa panya shamba, hazimgusi aliye juu ya kenchi. Kwake dawa ni kumnyima njia. Ghala, au dungu ambamo mkulima hulinda mpunga wake, likivishwa bati lililokunjwa kama faneli katika kila nguzo, kimo cha mita moja au zaidi kutoka chini, hapandi. Mnazi nao huvikwa ukanda wa bati, ingawa kazi hiyo ni bure pale makuti ya minazi jirani yanapogusana.

Panya mweusi pia huogopa kitu kigeni. Mtego mpya huachwa na chambo siku kadhaa bila kutegwa, mpaka auzoee. Ndipo hutegwa, mitego mingi kwa usiku mmoja.