Kuku mzima, vimelea ndani: jikinge na toksoplasma ukiwa mjamzito

Toksoplasma ni kimelea kisichoonekana kwa macho, kinachoishi ndani ya seli za mwili. Kuku wa kienyeji hukipata anapodonoa udongo wenye kinyesi cha paka.

Kwa nini kuku haumwi?
Seli zake za kinga humeza vimelea na kuviua kwa kemikali zinazoitengeneza zenyewe, kama naitriki oksaidi. Ndiyo maana mara nyingi kuku huonekana mzima kabisa. Lakini vimelea vichache huponyoka na kujificha kwenye misuli, moyo na ubongo. Huwezi kuvitambua kwa kumtazama kuku wala nyama yake.

Kwa nini ujali?
Ukiambukizwa kwa mara ya kwanza ukiwa mjamzito, vimelea vinaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akapata madhara ya macho na ubongo. Wewe mwenyewe huenda usihisi dalili yoyote.

Ufanye nini?
- Pika nyama, pamoja na firigisi na maini, hadi iive kabisa (nyuzi joto 74 za Selsiasi).
- Usionje nyama kabla haijaiva.
- Baada ya kushika nyama mbichi, osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni.
- Kinyesi cha paka asafishe mtu mwingine.
- Ukiwa na wasiwasi, mweleze mhudumu wako kliniki.