MARK X SIO "SPORTS CAR": NDINGA ZA KAHAMA NA HISTORIA YAKE

Tuwekane sawa wadau. Bulyanhulu ilianza kutoa dhahabu 2001, Buzwagi ikafuata 2009. Hela ikaingia Kahama, ndinga nazo zikaingia.

Mark X ilitoka Japani 2004 kumrithi Mark II ya tangu 1968. Milango minne, familia inaenea, ila injini ni V6 na tairi za nyuma ndizo zinasukuma. Hiyo ni sedani ya mbio. Crown Royal ni ya kifahari: bosi anakaa nyuma, barabara haisikii. Supra ndiyo gari la michezo haswa: milango miwili, iko chini, raha yake kona. Na GT? Hiyo ni ya safari ndefu, kasi na starehe pamoja, kama Lancia Aurelia B20 ya Italia, 1951.

Kwa nini ujue? Buzwagi ilifunga uzalishaji 2021. Kuna jamaa mshahara ulikata, V6 ikaendelea kudai mafuta. Wengine walishusha gari chini kwa sifa, njia ya kwenda duarani ikapasua sampo.

Ukipata mzigo, nunua kazi ya gari, sio jina. Wewe ungechukua ipi?