Dubai: Ukumbi uliobadili kalenda ya mji

Kwa miaka mingi burudani kubwa mjini Dubai ilifuata majira ya jua. Matamasha ya uwanjani yalifanyika hasa katika miezi ya baridi, kwani wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 na wakazi hujifungia ndani.

Kumbi zilikuwepo. Jengo la World Trade Centre, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza mwaka 1979, lilipokea maonyesho ya biashara, na mara nyingine muziki. Lakini lilikuwa soko kwanza, jukwaa baadaye.

Hali hiyo ilibadilika Juni 2019, mwanzoni mwa kiangazi chenyewe, ulipofunguliwa ukumbi wa Coca-Cola Arena katika eneo la City Walk. Una nafasi ya watu wapatao 17,000, wote chini ya paa moja lenye viyoyozi. Mchekeshaji Russell Peters, raia wa Kanada mwenye asili ya India, ndiye aliyetangulia jukwaani. Kundi la Maroon 5 la Marekani likafuata.

Mji wa wageni

Chaguo hilo la kwanza lina maana yake. Wakazi walio wengi wa Dubai ni wageni, na Wahindi ndio kundi kubwa kabisa. Ukumbi unaotaka kujaa sharti uzungumze lugha nyingi: leo nyimbo za Kihindi, kesho za Kiarabu, keshokutwa mpira wa kikapu. Klabu ya Dubai Basketball, iliyoanzishwa mwaka 2023, huutumia kama uwanja wake wa nyumbani, na mwaka 2025 iliingia Euroleague, mashindano makuu ya vilabu vya Ulaya.

Afrika Mashariki nayo ilipata mfano wake mwaka huohuo wa 2019, Rwanda ilipofungua ukumbi wa watu 10,000 mjini Kigali, ambako ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilianza mwaka 2021.

Hata hivyo, paa halifuti tofauti za kipato. Wafanyakazi wa ujenzi, ambao jasho lao limeinua minara ya Dubai, aghalabu hawamudu bei ya tiketi za nyota wakubwa. Joto limeshindwa mlangoni. Swali la nani aingie lingali limesimama nje.